Gakaara wa Wanjau: Mtunzi wa Karatina Aliyehesabu Siku Kisiwani Manda

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Nyeri hukumbuka baridi, kahawa na majani ya chai, na wenye umri mkubwa kidogo humkumbuka Dedan Kimathi. Wageni wa Ulaya wao huenda kulizuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefia huko mwaka 1941. Mtu ninayetaka kumweleza leo hakuwa jemadari wala hakuwa mgeni. Alikuwa mtunzi wa nyimbo na mwandishi wa vitabu, maskani yake Karatina, mji wa soko kubwa chini ya mlima Kenya, na kipande cha umri wake alikimaliza huku kwetu, kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu. Hakuja kwa hiari yake. Jina lake Gakaara wa Wanjau.

Wataalamu humwita mwandishi na mchapishaji, na hayo ni kweli. Mimi namhesabu miongoni mwa watunzi, na ndiyo sababu namleta katika ukurasa huu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza ni vipi washairi wa makabila mengine hulitazama jambo ambalo washairi wetu wamelitazama mpaka macho yakawauma, yaani wakati: namna unavyopita, unavyomzeesha mtu, na unavyoitendea nyumba yake na watoto wake. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema kwamba Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Sura ya Al-Asr, sura fupi ambayo mtoto huihifadhi kabla hajajua kufunga kikoi chake. Kisha tukasomewa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, tukaonyeshwa majumba ya Pate yaliyobaki makao ya popo. Na mama zetu wakasoma utendi wa Mwana Kupona, aliyeutunga mwaka 1858 akiwa kitandani mgonjwa, ili bintiye Mwana Hashima asibaki bila nasaha. Kwa hiyo kwetu ushairi wa ukoo na uzee una milango miwili: ama ni gofu la nyumba, ama ni mzazi anayeaga.

Kule mlimani nilikuta mlango mwingine.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 upande wa Tumutumu, karibu na Karatina, mahali palipokuwa na misheni ya Waskochi, kanisa, shule na hospitali. Baba yake, Johana Wanjau, alikuwa mchungaji wa kanisa hilo la Kipresbiteri. Msomaji asibabaishwe na hiyo "wa" iliyo katikati ya jina: kwa Wakikuyu ni sawa na "bin" yetu, Gakaara mwana wa Wanjau. Na kama ilivyo kwetu kumpa mtoto jina la babu yake, wao wamelifanya jambo hilo kuwa sheria yenye mpango wake. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la baba wa babaye, wa pili kwa jina la baba wa mamaye, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Mzee mmoja wa Majengo pale Nyeri, Mkikuyu na Mwislamu, aliyenikaribisha kahawa baada ya sala ya Ijumaa, alinieleza kwamba mwanamume wa Kikuyu akishampata mjukuu mwenye jina lake haoni tena kwamba anaondoka duniani mikono mitupu. Alinieleza kwa furaha, huku akimwonyesha mjukuu mwenyewe aliyekuwa akichezea viatu vyetu mlangoni.

Hata vizazi vyao wenyewe waliviweka katika zamu. Zamani palikuwa na vizazi viwili vikipokezana uongozi, Mwangi na Maina. Baba akiwa Mwangi mwanawe huwa Maina, na mjukuu hurudi kuwa Mwangi kama babu yake. Makabidhiano hayo, yaliyoitwa ituika, yalikuwa na sherehe na nyimbo zake. Vijana waliotahiriwa pamoja nao walipewa jina la rika kutokana na jambo lililotokea mwaka huo, ikiwa ni njaa, maradhi, au chombo kigeni kilichopita angani, hata mtu akiulizwa umri wake hakutaja hesabu bali alitaja rika. Uzee nao ulikuwa daraja. Mwanamume alipanda katika baraza la wazee kwa kutoa mbuzi, na kila daraja lilikuwa na heshima yake. Katika nyimbo za namna hiyo mvi si onyo. Ni cheo.

Palikuwa pia na gicandi, na hapo naomba msomaji anivumilie kidogo, maana nilipokisikia nilitamani mwalimu wangu wa chuo angekuwa hai nimsimulie. Gicandi ni majibizano ya mafumbo baina ya waimbaji wawili, beti nyingi mno, na kila mmoja ana kibuyu cha kutikisa kilichochorwa alama za kumkumbusha beti zake. Vibuyu hivyo hupambwa kwa kauri. Na kauri, wanangu, haziokotwi katika mto Ragati! Zilitoka huku kwetu, zikapanda kwa mikono ya wachuuzi hadi mlimani, zikaenda kukaa juu ya ushairi wa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari. Mapadri wa Kikatoliki wa Nyeri walizikusanya beti hizo wakaziandika, na Padri Merlo Pick akazitoa katika kitabu mwaka 1973.

Lakini Gakaara hakulelewa katika ngoma za gicandi. Alilelewa katika nyumba ya mchungaji, penye zaburi na tenzi za kanisani. Alipokuwa mtoto wa miaka minane hivi ukazuka mgogoro wa 1929 juu ya tohara ya wasichana, baina ya wamisheni na Wakikuyu waliokataa kuacha mila. Wakati huo ulivuma wimbo wa muthirigu, wimbo wa kuwakejeli wamisheni na waliowafuata, ukaimbwa milima mizima mpaka serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Nyumba ziligawanyika, huyu kanisani na huyu ngomani, ndugu kwa ndugu. Mtoto wa mchungaji aliyekua katika miaka hiyo alijua mapema kwamba wimbo waweza kuingia ndani ya nyumba ukawatenga baba na mwana, na kwamba serikali yenye bunduki yaweza kuuogopa.

Ya ujana wake nitayapitia haraka. Alipelekwa shule ya Alliance huko Kikuyu, akafukuzwa mwaka 1940 baada ya mgomo wa wanafunzi. Akaingia jeshini, vita vikamfikisha Ethiopia. Aliporudi alikuwa kijana aliyeona dunia na aliyejua kupiga taipu, na aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: kwamba watu weusi wenye elimu kidogo, wafanyakazi wa mashamba ya Wazungu na wachuuzi wa mijini, walikuwa na njaa ya kusoma. Akaanza kuandika na kuchapisha vijitabu vya bei nafuu. Cha kwanza kilihusu uposaji na ndoa za Kikuyu, maana hakuna mlango wa kumwingilia msomaji kuliko nyumba yake. Mwaka 1948 alitoa kijitabu kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Natia mkazo hapo kwa sababu wako wenzetu wanaodhani Kiswahili kilifika mlimani juzi. Mkikuyu huyu alipotaka kuwasemesha Waafrika wote, si watu wa kwao pekee, alichagua lugha yetu.

Mwaka 1952 ndio mwaka uliomkata umri wake vipande viwili. Chama cha KAU kilikuwa kimeshika moto, viapo vilikuwa vikiliwa usiku, na Gakaara akatoa vitabu vya nyimbo na lile azimio la imani lililoitwa Witikio wa Gikuyu na Mumbi, lililojengwa kwa mfano wa imani isomwayo kanisani. Nyimbo za wakati huo nyingi zilipandishwa juu ya sauti za nyimbo za kanisa, na husemekana kwamba Mzungu aliyepita njiani aliweza kuvua kofia akidhani watu wako ibadani, kumbe wanaidai ardhi yao.

Sasa angalia nyimbo hizo zilivyofanya. Gikuyu ni baba na Mumbi ni mama. Ndio wazazi wa kabila zima kwa mujibu wa hadithi yao ya Mukurwe wa Nyagathanga, upande wa Murang'a, na mabinti zao ndio walioanzisha koo zote. Mtunzi akishaita watu wote wana wa Mumbi amewafanya ndugu wa tumbo moja. Mwenye shamba na asiye na shamba, wa Nyeri na wa Kiambu, wote wamo ndani ya nyumba moja inayovunjwa na mgeni. Hii ni namna nyingine kabisa ya kuimba habari za ukoo. Mwana Kupona alimwambia binti mmoja juu ya nyumba moja, na kwa kumwambia mmoja akatufikia sote. Gakaara alizisemesha nyumba zote pamoja kama kwamba ni moja.

Na gharama yake ikawa nyumba yake mwenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari na kuwakamata akina Jomo Kenyatta, yeye naye alikamatwa. Hakufikishwa mahakamani akahukumiwa miaka kadhaa, ambapo mtu angeweza kuzihesabu siku kwa kupunguza. Alizuiwa tu, na mtu aliyezuiwa hana hesabu ya kupunguza, ana hesabu ya kuongeza. Mkewe, Shifra Wairire, naye baadaye alitiwa kizuizini. Baba huku, mama kule, watoto mikononi mwa ndugu.

Alianzia Kajiado, kisha akapelekwa na wenzake Lamu, na kutoka huko kisiwani Manda. Hapo ndipo kisa chake kinapoingia katika kisa chetu, na sijui kwa nini hatukisimulii.

Kambi ya Manda ilipewa jina la Takwa. Mwenyeji wa Lamu au Shela hahitaji kuelezwa Takwa ni nini, lakini kwa faida ya wengine: ni mji wa kale wa Waislamu uliostawi baina ya karne ya 15 na ya 17, ukahamwa. Msikiti wake wa Ijumaa umesimama hadi leo na nguzo yake juu ya ukuta wa kibla, na liko kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria. Hufikiwa kwa mashua kupitia mkondo wa mikoko maji yakijaa. Wazee husema watu waliuacha mji kwa sababu ya maji ya visima kuwa ya chumvi, wakavuka kwenda Shela, na watu wa Shela wameendelea kwenda huko kuzuru na kuomba mvua. Mtaalamu James Kirkman alikuwa amechimba magofu hayo mwaka 1951. Muda mfupi tu baadaye wakaletwa katika kisiwa hicho watu waliokamatwa Nairobi, Nyeri, Kiambu na Nakuru, watu wa kuzoea ukungu na baridi ya mlimani, wakatupwa katika jua na mchanga na maji ya shida.

Kwa mshairi wa kwetu gofu kama lile lina maana moja tu, na maana hiyo ni ya haki: ukubwa wa dunia huisha, akiba ni ya akhera. Ningekuwa mimi nimefungwa karibu na msikiti ule labda ningetunga inkishafi yangu mbovu, nikajifariji kwamba hata mkoloni atahamwa kama Takwa ilivyohamwa. (Na kweli alihamwa, tena mapema kuliko alivyodhani.) Gakaara hakufanya hivyo. Alichofanya ni kuandika siku. Kwa siri, katika mahali ambapo karatasi na kalamu vilikuwa hatari, aliweka kumbukumbu: nani kaletwa, nani kaondolewa, nani anaumwa, chakula gani kimetolewa, barua gani imefika kutoka nyumbani na gani haikufika, majina ya wenzake. Nyimbo za wafungwa pia hazikumpita.

Mtu anaweza kusema kuandika siku si ushairi. Nami nakubali kwamba hakuna vina wala mizani ndani yake. Lakini tufikiri pamoja, msomaji. Wakati ni kitu gani kwa mtu aliyezuiwa? Nje mtoto anaota meno, anatembea, anaanza shule, na kila jambo ni alama ya mwaka. Ndani siku ya leo ni pacha wa jana. Katika mila ya kwao mwaka hupata jina kutokana na jambo lililotokea. Sasa kakaa mahali ambapo serikali imekusudia lisitokee jambo. Aliyeandika siku hizo moja moja alikuwa akizipa majina kama mababu zake walivyozipa rika zao majina. Alizikataza zisipotee. Nadhani hiyo ni kazi ile ile afanyayo mtunzi wa utenzi, na mimi nimeona tenzi nyingi zenye vina kamili zisizofanya kazi hata nusu ya hiyo.

Kutoka Manda alihamishiwa kambi ya Athi River, ambako wakubwa walikuwa na mpango wa kuwageuza mahabusu nia zao. Huko aliandika michezo ya kuigiza, nyingine chini ya macho ya hao hao waliomfunga. Wako wanaomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, mtu mwenye mke kifungoni na watoto waliotawanyika ana mizani ambayo sisi tuliokaa vitini hatuwezi kuipima. Aliachiliwa karibu na mwisho wa miaka ya hamsini, hali Kenya ikielekea katika uhuru.

Alirudi Karatina. Hapo kinaanza kipande ambacho waandishi wengi hukiruka kwa sababu hakina pingu wala askari, nami kwa ajili ya jambo ninalolieleza nakiona kitamu kuliko vyote. Mtu aliyetoka kizuizini akikaribia miaka arobaini hakwenda kutafuta kiti serikalini. Akarudia kuchapa. Katika miaka ya sitini alitoa kitabu cha koo za Wakikuyu, Mihiriga ya Agikuyu: kila ukoo, asili yake na sifa zake. Yule aliyewahi kuimba nyumba moja ya Mumbi sasa alikaa akaihesabu vyumba vyake. Akatoa vitabu vya kufundishia watoto kusoma Kikuyu, akabishana miaka na miaka juu ya namna ya kukiandika. Akaendesha jarida lililoitwa Gikuyu na Mumbi, lenye hadithi, vichekesho na nyimbo, likiuzwa kwa wenye maduka na abiria wa stendi. Kiwanda chake cha chapa kilikuwa pale pale mjini, karibu na watu wanaouza viazi na ndizi.

Nimekaa Karatina siku ya soko nikawatazama wazee wakishuka kwenye matatu na wajukuu zao. Babu anasema Kikuyu, mjukuu anamjibu Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, na wanaelewana kwa kuwa wanapendana. Huku kwetu hali ni ile ile: bibi anasema Kiamu, mjukuu anajibu kwa lugha ya televisheni. Jina la babu limerudi kama mila inavyotaka, lakini maneno ya babu hayakurudi nalo. Gakaara aliliona jambo hilo kabla ya wengi, na uzee wake wote aliutumia humo. Sikumbuki mshairi wa pwani aliyeuimba uzee wa namna hiyo, uzee wa mzee mwenye wino mikononi anayesahihisha maendelezo ya kitabu cha darasa la kwanza. Wetu huimba mvi, magoti na safari ya mwisho. Yote kweli. Lakini pana miaka kabla ya safari, na yeye aliijaza.

Zile kumbukumbu za siku nazo zikatoka. Mwaka 1983 zilichapishwa kwa Kikuyu na Heinemann kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini, yaani mwandishi wa Mau Mau kizuizini. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Noma, tuzo iliyoanzishwa na mchapishaji wa Japani kwa ajili ya vitabu vilivyochapwa Afrika. Aliipata pamoja na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Mzee wa miaka sitini na tatu akasifiwa duniani kwa maneno aliyoyaandika akiwa na thelathini na kitu, akiyaficha. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1988. Gakaara alifariki mwaka 2001, umri ukikaribia miaka themanini.

Kitabu chake basi kinasomeka kwa lugha mbili, na lugha ya kisiwa alichofungwa si mojawapo kati ya nilizozikuta dukani. Kurasa za Manda ni kurasa za historia ya Lamu pia. Zina bahari yetu ndani yake, joto letu, na upepo wa kusi kama alivyouona mtu aliyezaliwa mlimani. Wako vijana wa Kikuyu waliozaliwa Mpeketoni, kwa upande mmoja watoto wa mlima na kwa upande mwingine watoto wa Lamu, wanaozijua lugha zote mbili tangu utotoni. Mmoja wao akikaa na mtu wa Amu mwenye kujua majina ya mikondo na mapito ya kule, mwaka mmoja wawatosha kuzifasiri, nami niko tayari kuwasomea rasimu.